Vikombe vya Ukutani

Ukuta wa chumba cha Bi Mwanakuu ulianza kwa kutoa jasho, ukaja ukatoa chumvi, na mwisho ukatoa uyoga.

Jasho alikuwa akilifuta kwa kitambaa. Chumvi aliikwangua kwa kijiko. Lakini asubuhi ile, alipoinama kutafuta ndara yake nyuma ya samadari, kitanda chake cha kale, aliona vitu vitano vimekaa kitako chini ya ukuta, kila kimoja mfano wa kikombe kidogo cha kahawa. Nje vyeupe kama chokaa, ndani vya rangi ya chai iliyozidi maziwa. Bi Mwanakuu akavuta mkeka, akakaa, akavitazama. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na kwa umri huo mtu hashtuliwi na kitu kisichotembea.

"Karibuni," akaviambia. "Nani kawaleta?"

Aliuliza kwa adabu tu. Jibu alikuwa nalo.

Nyumba yenyewe ni ya mawe na chokaa, imo katika kichochoro cha Kuze, Mji wa Kale, ambacho ukinyoosha mikono miwili wamgusa jirani wa huku na wa kule. Aliijenga babu yake. Chini akaa Bi Mwanakuu, katika chumba alichozaliwa, alichozalia wanawe wanne, na ambamo mumewe alimshika mkono akaiaga dunia. Juu akaa Zein, mtoto wa marehemu kaka yake, pamoja na mkewe Nasiha. Zein ana duka la mapazia, tena ni mwenyekiti wa Kamati ya Urithi ya mtaa. Kamati hiyo ina watu saba, na wale sita waliobaki wote ni wenyeviti wasaidizi.

Mwaka jana Zein alivunja choo cha kale cha ghorofani akatia bafu la kisasa: vigae vyeupe, shawa ya maji moto, na tangi juu ya paa linalojazwa kwa pampu. Wakati Kuze nzima yanunua maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na watu wajipimia ya kuoga kwa kata, yeye alikuwa akisimama chini ya shawa akiimba mpaka mwisho wa wimbo, na wimbo ukimkolea, akiurudia. Tangu siku hiyo ukuta wa Bi Mwanakuu ukaanza kutoa jasho. Mtaa ulikuwa na kiu, ukuta ulikuwa umeshiba.

Mara tatu alipanda ngazi kumwambia. Mara ya kwanza Zein alisema nyumba za kale hupumua, na ile ni pumzi. Mara ya pili alisema ni joto la dunia, amelisoma. Mara ya tatu alikuwa anaoga.

Basi Bi Mwanakuu akampelekea shauri Mwalimu Mzamil, mwalimu wa madrasa ya kichochoro cha pili, ambaye ndiye husuluhisha magomvi ya ukoo. Ilikuwa mfungo mosi, Idi imekwisha juzi. Wakakaa barazani, kahawa ikapita, Zein akaulizwa.

"Bafu langu halivuji hata tone," Zein akasema. "Mimi ni mtu wa urithi, Mwalimu. Nitaivujiaje nyumba ya mababu zangu?"

Mwalimu alipendezwa na maneno hayo. Akamgeukia Bi Mwanakuu. "Bi mkubwa, sheria waijua. Mdai ndiye mwenye kuleta ushahidi."

"Ukuta wangu umerowa."

"Ukuta hausemi. Na huenda ikawa ni umande wa bahari."

"Bahari ipite darini, Mwalimu?"

"Tuvute subira," Mwalimu akasema, na akaagiza kahawa nyingine.

Bi Mwanakuu akavuta subira. Ndicho kitu pekee chumbani mwake ambacho hakikuwa kimerowa. Lakini boriti mbili za darini zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, na ukizibonyeza kwa ncha ya mwavuli zinaingia kama mkate. Zein aliziona, akasikitika sana, na akapata dawa: shangazi ahamie mtaa wa Majengo, kwenye chumba kimoja alichokuwa nacho huko, akae kwa muda. Bi Mwanakuu aliyajua hayo "kwa muda" ya nyumbani kwao. Cherehani yake iliazimwa kwa muda mumewe angali hai, na mpaka leo iko Lamu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, uyoga ulipokuja.

Aliyeitoa habari yake nje ni Nasiha. Alishuka na sahani ya mahamri, akaona, akaweka sahani chini, akapanda kumwambia mumewe. Baada ya dakika mbili akashuka Zein na simu yake.

"Sabalkheri, shangazi."

"Sabalkheri, mwanangu. Waja kutazama pumzi ya nyumba?"

Zein hakusikia. Alikuwa amepiga magoti, jambo ambalo hakulifanya siku zote shangazi yake alipomwambia apige magoti auone ukuta. Simu yake ilikuwa na programu inayotambua mimea na wadudu kwa picha. Akapiga picha ya kwanza kutoka juu. Simu ikafikiri, ikasema ni masikio ya mti, uyoga unaopikwa na Wachina. Akapiga ya pili kutoka ubavuni, ikasema ni uyoga mwingine, wa milima ya Ulaya, unaoandaliwa wafalme. Akapiga ya tatu, mkono ukatikisika, ikasema ni konokono. Hiyo akaifuta.

"Shangazi," akasema akisimama, magoti ya suruali yamerowa, "wajua umelala na nini humu ndani?"

"Na maji yako."

"Chakula cha wafalme."

"Simu imesema?"

"Simu haikosei, shangazi. Ina picha milioni kumi."

"Mimi sijasema imekosea," Bi Mwanakuu akasema. "Nauliza tu kama imewahi kuula."

Kabla ya alasiri picha ilikuwa imefika kwenye kundi la simu la mtaa, na baada ya alasiri mtaa wenyewe ukafika. Watu wa Mji wa Kale hawali uyoga wa mwituni, wala mababu zao hawakuula, na kwa sababu hiyo kila mmoja alikuwa na elimu yake. Mmoja akasema watibu figo. Mwingine akasema figo huziharibu, kinachotibiwa ni goti. Mzee mmoja aliyesafiri mpaka Maskati akasema vikombe vile ni vya majini, wamekunywa kahawa wakasahau kuosha. Wakabishana mpaka magharibi. Watu ishirini na zaidi waliingia chumbani mle, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini ukuta umerowa. Mmoja aliuegemea, akatoka mgongo wa kanzu umelowa chapa, akasema chumba hiki kina baridi nzuri.

Bi Mwanakuu alikaa pembeni mwa samadari yake akiwapokea, akiwaaga, akisogeza miguu wasiikanyage. Siku ya tatu akatambua kuwa wageni wanamuuliza kama aweza kusogea kidogo, anaziba picha.

Siku ya nne Zein akaja na fikra. Uyoga sasa ulikuwa umefika vikombe kumi na vinane. Chumba kitakuwa bustani. Samadari itolewe, zidaka za ukutani, vile vishubaka vya kuwekea vitu, zijazwe udongo, ukuta uachwe hivyo hivyo usitiwe chokaa, mlangoni kuwe na kibao cha Kamati ya Urithi. Alikuwa ameshazungumza na mpishi wa hoteli moja ya ufuoni, bwana mmoja aitwaye Kadenge, naye atakuja Alhamisi kuutazama. Akiukubali, utapelekwa hotelini kila siku.

"Na mimi?" Bi Mwanakuu akauliza.

"Wewe, shangazi, Jumamosi waenda zako Majengo ukapumzike. Kwa muda."

"Kwani hapa nimechoka?"

"Humu mna unyevu, shangazi. Si pazuri kwa mtu mzima."

Alisema hivyo bila haya, kama daktari. Muda wote huo alikuwa amekataa kuwa mna unyevu, sasa unyevu ndio unaomhamisha shangazi yake. Bi Mwanakuu alimtazama kwa huruma kidogo. Alimkumbuka akiwa na miaka minne, amejificha chini ya samadari hiyo hiyo na kaimati mdomoni, akiapa hajala kaimati.

Siku hiyo hiyo likatokea jambo la ganda la chungwa. Bi Mwanakuu ana ada ya kuweka maganda ya machungwa kwenye kidaka ili yaondoe harufu ya ukungu. Ganda moja, lile la kitako cha chungwa, lilikuwa limekauka, likajikunja kinyume, rangi yake ndani, likaanguka kutoka kidakani na kukaa miongoni mwa vikombe. Zein akaliona. Akapiga picha. Simu ikasema ni uyoga wa rangi ya machungwa, nao waliwa.

"Aina ya pili," Zein akasema taratibu, kama mtu aliyeshukiwa na ufunuo.

Bi Mwanakuu akafungua kinywa amwambie. Kisha akakifunga. Mtu anayekimbia ukimwita hujikwaa, akalaumu aliyemwita.

Kesho yake asubuhi alijitanda leso, akatia kikombe kimoja katika kibakuli chenye kifuniko, akashika njia ya soko la Marikiti. Hakwenda kwa mwenye elimu, alikwenda kwa Kache. Kache ni mama wa makamo kutoka bara ya Kaloleni, auza mchicha, mnavu na mboga nyingine za kwao, na mvua zikinyesha huleta uyoga kwenye majani ya mgomba. Kwa miaka kumi na tano amemuuzia Bi Mwanakuu mboga, na katika miaka hiyo hajawahi kumsifia fungu lililonyauka. Kwa Bi Mwanakuu huo ndio ushuhuda wa tabia.

"Mamangu, leo wajibebea kibakuli, waja kuniuzia?" Kache akauliza.

"Naja kukuuliza. Hiki ni nini?"

Kache akafunua, akachungulia, akafunika tena. Akamsogezea ndoo ya kukalia.

"Simu ya mtoto wangu yasema ni chakula cha wafalme," Bi Mwanakuu akasema. "Imeupa na jina, refu, la Kizungu."

"Jina hata mwizi analo," Kache akasema. "Kwetu uyoga hatuanzi kuuliza jina. Twauliza umelala wapi. Huu umelala wapi?"

"Ukutani kwangu."

"Ukuta wa udongo au wa chokaa?"

"Chokaa na mawe."

"Haya." Kache akatoa mfukoni kipande cheusi kilichokunjamana, akakitumbukiza kwenye maji ya kunyunyizia mboga. Kikavimba, kikawa laini. "Hili ndilo sikio la mti. Laota kwenye gogo lililokufa, na limeshikwa upande mmoja tu, kama sikio lako lilivyoshikwa na kichwa. Hili twala. Likunje."

Bi Mwanakuu akalikunja, likajikunjua lenyewe, kama mpira wa ndara.

"Sasa kunja wako."

Akaukunja kidogo tu, ukavunjika kama ganda la yai.

"Umeona? Sikio halivunjiki, kikombe chavunjika. Sasa kuna ndugu yake mwingine, yule wa msituni. Ni mwekundu, amesimama kwa mguu mwembamba juu ya kijiti kilichoanguka, na mdomoni ana nywele kama kope. Mzuri kweli, sisi wadogo tulikuwa tukiuchezea. Nao hauliwi. Huu wako hauna mguu wala kope. Umekaa kitako. Kilichobaki upulizie hapo katikati, kisha usubiri."

Bi Mwanakuu akapuliza, akasubiri. Kusubiri si kazi kwake. Mara ikatoka sauti ndogo, fsss, na moshi mweupe mwembamba ukapanda kutoka ndani ya kikombe kama mvuke wa kahawa.

"Watema," akasema.

"Watema mbegu zake. Ulikuwa na vingapi?"

"Vitano. Sasa ni kumi na vinane."

"Na kila anayekuja kutazama huvipumulia."

"Na unaua?"

"Hilo sijui, na asiyejua asitie chunguni. Ukila mbichi tumbo litakusimulia, hilo nimesikia. Mimi nisichoweza kumlisha mamangu sikiuzi." Kache akafuta mikono kwa leso yake. "Lakini mamangu, mimi si huu unaonitisha. Huu hauji kwa umande, umande wakauka. Hauji kwa mvua, mvua yapita. Huu wataka maji ya kila siku, kidogo kidogo, kama mtoto wa kunyonya. Nyumbani kwako nani anayeunyonyesha?"

Bi Mwanakuu akafunika kibakuli chake. Wapagazi walikuwa wakipita na magunia ya vitunguu wakisema njia, njia, naye hakuwasikia. Alikuwa akimfikiria Mwalimu Mzamil. Akimpelekea maneno ya Kache, Mwalimu atasema shahidi ni mmoja, tena ni muuza mboga, bafu alijulia wapi. Lakini dirisha lake la nyuma laelekea madrasa, na kwa miaka arubaini amesikia Mwalimu akisomesha, darasa baada ya darasa, mpaka masomo mengine ameyahifadhi kuliko wanafunzi. Ajua ni ushahidi gani usiokataliwa.

"Kache mwanangu, Alhamisi baada ya adhuhuri wafanya nini?"

"Nauza mboga."

"Njoo kwangu unywe kahawa. Kuna watu watakaokuelimisha juu ya uyoga."

Kache akamtazama, akaanza kutabasamu polepole. "Nitakuja, mamangu. Mimi mtu wa kupenda elimu."

Alhamisi ikafika. Zein alikuwa ameupulizia ukuta maji kwa chupa ya Nasiha ya kunyunyizia maua, ili vikombe viwe na uso mzuri. Ganda la chungwa alikuwa ameliweka juu ya kisahani cha kaure, peke yake. Alimtaka shangazi yake apike vikombe vitatu kwa tui la nazi, mgeni aonje.

"Mimi sipiki nisichokijua," Bi Mwanakuu akasema. "Chungu hiki kimepika miaka hamsini na hakijamuua mtu. Sitaki kianze leo."

Zein akamgeukia Nasiha. Nasiha akasema amefunga. Ilikuwa kweli, alikuwa amenuia kufunga dakika ile ile.

Kadenge alikuja saa nane, mtu mrefu, mpole, akavua viatu mlangoni ingawa sakafu ilikuwa maji. Mwalimu Mzamil aliitwa aje kuuombea dua mradi, akakaa juu ya kiti pekee kilichokuwa kikavu. Kache alikuja na mnavu wake kama zawadi, akakaa mkekani karibu na Bi Mwanakuu, na Zein hakuuliza yeye ni nani, kwa kuwa mtu aliyekuja na mboga hafikiriwi kuwa na neno.

Kadenge akachuchumaa, akavitazama vikombe kwa muda mrefu. Zein akamsomea simu. Akamsomea wafalme, akamsomea Ulaya. Kadenge aliitikia kila mara kwa kutikisa kichwa.

"Vizuri," akasema mwishowe. "Lakini bwana Zein, hoteli yataka kitu cha kila siku. Kitu cha msimu chanivunjia heshima. Kiangazi kikija, hivi si vitakauka?"

"Havikauki."

"Vitakosaje kukauka? Mji wote huu hauna maji."

"Haya yapo."

"Yapo wapi?"

Zein akatazama juu kidogo, akatazama chini. Bi Mwanakuu alikuwa akimimina kahawa, na mkono wake ulienda taratibu mno, kama anayemiminia mgonjwa.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mwambie mgeni kweli. Maji ni umande wa bahari tu. Usije ukamwahidi kitu kisichokuwepo, akaenda kuaibika huko hotelini kwake."

Hapo Zein akachomeka. Kuambiwa muongo mbele ya mgeni, tena juu ya bafu lake.

"Umande gani, shangazi? Bwana Kadenge, tazama juu. Hapo, juu ya boriti hizo, ndipo bafu langu. Tangi ni lita elfu mbili, na pampu yangu mwenyewe. Nikioga asubuhi, maji yashuka ukutani mpaka adhuhuri. Nikioga jioni, yashuka mpaka alfajiri. Nasiha akifua, hapo ndipo karamu. Mwaka mzima huu, hayajakosa hata siku moja."

"Una hakika yatoka bafuni?" Bi Mwanakuu akauliza. "Isije ikawa ni bahari."

"Nimepima mwenyewe. Nikichelewa kuoga, vyanyauka. Nikifungua maji, vyaamka. Maji ni yangu, ni ya bafu langu, tone kwa tone."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Kilichosikika ni tone moja tu, nalo lilianguka kutoka kwenye boriti, likaingia moja kwa moja katika kikombe cha Mwalimu Mzamil, aliyekuwa amekifikisha mdomoni na kukisahau hapo.

"Mwalimu," Bi Mwanakuu akasema, "kahawa yapoa."

Zein alikuwa bado hajatambua. Alimgeukia Kadenge kwa uso uliojaa ushindi, na Kadenge akamgeukia Kache. "Dada, wewe waonaje?"

Kache akajisogeza kwa magoti, akachuma kimoja, akakikunja kikavunjika. Akachuma cha pili, akakipuliza, akakisogeza karibu na Zein aone vizuri. Fsss. Moshi ukapanda, ukamwingia Zein puani, akapiga chafya tano.

"Hauliwi," Kache akasema. "Ni uyoga wa kuta zinazovuja, hauna kazi nyingine."

"Nami niliona hivyo tangu mlangoni," Kadenge akasema kwa aibu kidogo. "Lakini nilikuwa nimeshakaribishwa kahawa."

Zein akajipangusa macho. Mtu anayezama hushika chochote, naye alishika kisahani. "Na huu? Huu simu imesema waziwazi waliwa."

Kache akaliinua ganda, akalinusa, akalitafuna pembeni kidogo.

"Huu waliwa," akasema. "Lakini ungekula wiki iliyopita, pamoja na chungwa lake."

Nasiha, aliyekuwa mlangoni, akajifunika uso kwa mtandio, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mwalimu Mzamil akaanza kutafuta ndara zake kwa miguu. Bi Mwanakuu alikuwa amezichukua mapema, akazikalia.

"Mwalimu," akasema, "mfungo mosi uliniambia mdai alete ushahidi. Nami nikavuta subira. Sasa nauliza somo moja tu, kwa kuwa mimi sikusoma sana. Mtu akikiri mwenyewe, mbele ya watu, tena akaapa, hukumu yake ni ipi?"

"Hili, bi mkubwa, ni jambo la kutazamwa kwa upana wake."

"Wale watoto huwaambiaje? Nawasikia dirishani wakijibu kwa sauti moja."

Mwalimu akaweka kikombe chini polepole, kana kwamba kimekuwa kizito. Alikuwa mtu wa kukwepa, lakini somo lake mwenyewe hangeweza kulikana mbele ya dirisha lile.

"Kukiri," akasema, "ndiko bwana wa ushahidi wote."

Hapo ndipo Zein aliposikia alichokisema. Akatazama dari, akatazama ukuta, akatazama simu, kana kwamba katika zile picha milioni kumi huenda kukapatikana ya mtu kama yeye ajue wengine walitokaje.

Mafundi waliingia Jumamosi, siku ile ile ambayo Bi Mwanakuu angehamishwa. Walipong'oa vigae walikuta bomba limepasuka kwenye kiungo, na kiungo kimefungwa, miezi mingi nyuma, kwa kipande cha pazia la maua ya samawati. Lilikuwa pazia zuri. Kila mtu mtaani alijua duka lauzalo mapazia kama lile. Bafu likavunjwa lote. Boriti mbili zikabadilishwa. Ukuta ukakwanguliwa, ukaachwa upigwe na upepo, kisha ukatiwa chokaa mpya. Vikombe vikasinyaa kwa siku tisa, vikawa kama ngozi za vitunguu, Bi Mwanakuu akavifagia. Wale waliokuja kuvitazama hawakurudi kuvizika. Kamati ya Urithi ilikutana, ikaandika katika daftari lake kuwa mradi wa uyoga umesimama kwa sababu ya ukame.

Bafu jipya la juu bado halijajengwa, fundi asema wiki ijayo, na ameisema wiki hiyo mara nne. Kwa hiyo kila jioni Zein ashuka ngazi na taulo begani, aja chini kuoga uani kwa shangazi yake, maji ya mkokoteni.

"Hodi, shangazi."

"Karibu, mwanangu. Ndoo ile pale." Naye humpa kata, ile ya kifuu yenye mpini mrefu. "Kata sita. Ya saba ni ya wimbo, na wimbo hapa hapana."

Jioni moja Zein alitoka kuoga amejifunga taulo, akasimama kidogo mbele ya mlango wa chumba. Ukuta ulikuwa mweupe, mkavu, samadari iko pale pale mahali pake, na kwenye kidaka kumepangwa maganda ya machungwa.

"Shangazi," akasema, "kwa kweli ngazi hizi na taulo zanichosha. Na kule juu pana vumbi la mafundi."

"Pole, baba. Nami nilikuwa nakufikiria." Bi Mwanakuu alikuwa akichambua mnavu wa Kache, hakuinua macho. "Kile chumba cha Majengo bado kipo?"

"Kipo."

"Basi si uende ukakae wewe," akasema. "Kwa muda."